Mbegu ya mtama huchaguliwa shambani, si kwenye turubai

Mwaka ule nilipura masuke yote pamoja, mazima kwa mabovu, nikajaza debe langu la mbegu. Msimu uliofuata shamba langu la Mvumi, Dodoma, lilisimama vizuri mpaka mtama ulipochanua. Nikaminya punje moja, ikapasuka kama kifuko, unga mweusi ukanijaa vidoleni. Jirani akasingizia mvua. Mvua haikuwa na kosa, ukungu ule niliupanda kwa mikono yangu.

Vifuko hupasuka wakati wa kupura, vumbi lake likaganda kwenye punje nzima. Punje ikichipua, ukungu nao unachipua, unaingia kwenye chipukizi na kupanda na bua kimyakimya. Huoni kitu mpaka suke litoke, na hapo hakuna dawa.

Kwa hiyo ingia shambani kabla ya mavuno. Masuke yenye vifuko yakate kwanza, taratibu bila kuyakung'uta, yatie kwenye mfuko ukayachome. Ndipo uchague ya mbegu, uyaanike yakauke kabisa, uyapure peke yake. Mimi huyaning'iniza juu ya mafiga. Moshi unafukuza wadudu, ila ukungu ulioganda hauustui hata kidogo.

Mwishoni mwa Novemba, kabla mvua hazijashika, jaribu uotaji. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kipande cha kanga kilicholowa lakini kisichochuruzika, weka kivulini, nyunyizia maji kila siku. Siku ya tano fungua. Zikiota 85 napanda kama kawaida. Zikiwa 65 naongeza punje kila shimo. Chini ya hapo natafuta mbegu nyingine, mara nyingi aina ya mtama iitwayo Macia, maana inawahi kukomaa na mvua zetu mnazijua.

Ukikuta nyingi zimeoza na kuota manyoya ya kijani, yawezekana zilihifadhiwa mbichi. Usiseme "basi tusage ugali"! Kwenye nafaka mbichi ndiko sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, inakozaliwa, na misiba ya Chemba na Kondoa ya mwaka 2016, watu walipokufa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, hatujaisahau.

Mbegu iliyofaulu naipaka dawa ya ukungu yenye thiram siku ya kupanda, kwa kipimo cha kwenye pakiti, nimevaa glavu. Mbegu iliyopakwa dawa ikibaki naifukia mbali na kisima. Haiendi kwenye pombe, na kuku wa mama mkwe nawafungia mpaka nimalize.