Baa ya Mtaa Imefunguliwa Tena Kigoma: Namna ya Kupata Bia Iliyo Salama Kiladha

Baa yenye sifa ya bia nyingi inapofunguliwa upya Mwanga au Gungu, wengi huuliza zipo aina ngapi. Uliza kwanza zinatoka kwa kasi gani. Aina inayouzwa chupa mbili kwa wiki inazeekea stoo hata kama jina lake limeandikwa vizuri ukutani, na baa iliyofungwa kwa miezi inaweza kuwa bado na kreti zilizobaki tangu siku ya kufunga. Kigoma haina kiwanda kikubwa cha bia. Vya karibu hapa nchini viko Mwanza, kwa hiyo bia hufika hapa ikiwa imeshakaa barabarani.

Usiende usiku wa uzinduzi. Chupa ya mililita 500 iliyotoka stoo inahitaji muda wa saa 4 hivi kupoa kwenye friji yenye nafasi. Friji iliyojazwa chupa mchana, huku mlango ukifunguliwa kila dakika, haitapoa vizuri hadi kesho yake. Subiri siku ya tatu au ya nne, ikiwezekana katikati ya wiki, ufike jioni mapema kaunta ikiwa haijasongwa. Mwulize mhudumu kwa upole: "Dada, gari la bia linashusha siku gani?" Siku inayofuata baada ya gari kushusha ndiyo nzuri zaidi, maana mzigo ni mpya na umeshalala kwenye friji usiku mmoja.

Kuhusu pa kukaa, Kigoma ina jambo lake. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni za Dar es Salaam, hivyo jua huzama karibu saa 1 jioni. Meza inayotazama ziwa hupigwa na jua la ubavuni muda wote ambao watu wanakunywa. Mwanga huo ukipita kwenye chupa ya kijani, kama ya Heineken, au chupa isiyo na rangi, hugeuza viini vichungu vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kuwa harufu inayokaribia ya kicheche. Dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoharibu, ndiyo maana Safari na Kilimanjaro huvumilia zaidi. Ukitaka meza ya nje kabla jua halijazama, agiza ya kahawia. Angalia pia friji yenye kioo imewekwa wapi: ikiwa mlango wake unatazama jua la jioni, chupa za kijani za mstari wa mbele ziache, omba ya nyuma.

Chupa ikiletwa, ishike kabla haijafunguliwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi huandikwa shingoni, ubavuni au kwenye lebo. Bia nyingi za chupa hupewa miezi 6 hadi 12, na ladha huanza kushuka mapema zaidi zikikaa kwenye joto. Tarehe ikiwa imebakiza wiki chache, chagua nyingine. Igeuze kidogo kwenye taa: chenga nyeupe zinazoelea kwenye lager zinaweza kuonyesha kwamba iliganda ikayeyuka, na ya namna hiyo hufurika povu ikifunguliwa kisha hubaki imepooza. Kizibo chenye kutu ni dalili ya kukaa sana kwenye unyevu.

Kwa bia za nchi jirani, kagua zaidi. Primus inayotengenezwa na Brarudi ya Bujumbura huja kwenye chupa kubwa ya sentilita 72, na Kongo nako kuna Primus ya Bralima. Jina ni moja lakini kampuni ni tofauti, basi soma lebo ujue unakunywa ipi. Tangu 2019 bia zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, na TRA ina programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Chupa ya nje isiyo na stempu huenda imepita njia za panya, na hakuna anayeweza kukuambia ilikaa wapi wala kwa muda gani.

Swali la "baridi au ya moto?" lijibu kwa kufikiri. Lager hupendeza ikiwa nyuzi 4 hadi 7. Chini ya hapo ulimi hufa ganzi, na bia mbovu hujificha humo. Ukiwa na shaka, iache mezani dakika 5 kabla ya kuonja. Stauti, yaani bia nyeusi kama Guinness, iache zaidi, ifike nyuzi 10 hivi. Umeme ukiwa umekatika, omba ndoo ya barafu pamoja na maji na konzi ya chumvi: maji hugusa chupa nzima, na dakika 20 hadi 30 humaliza kazi ambayo barafu pekee bila maji ingechelewesha.

Chupa ifunguliwe mezani, mbele yako. Hilo halina mjadala. Ukitaka glasi, isuuzwe kwa maji baridi na isifutwe kwa kitambaa, kwa sababu mafuta na sabuni huua povu. Viputo vikiganda ubavuni mwa glasi, ni chafu. Inamishe, mimina taratibu, malizia wima upate povu la vidole viwili. Nusa. Ikinuka boksi lililoloa, imezeeka kwa hewa na joto. Irudishe baada ya funda la kwanza, si chupa ikiwa nusu.

Ukionja aina kadhaa, anza na nyepesi. Safari ya asilimia 5.5 kwenye mililita 500 ina gramu 22 hivi za kilevi, Kilimanjaro ya asilimia 4.5 ina 18. Mwili huondoa takriban gramu 8 kwa saa, kwa hiyo Safari moja hukaa mwilini karibu saa 3. Kula mapema: mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma wenye ndimu huenda vizuri na lager nyepesi, nyama choma hubeba stauti. Pikipiki ikae nyumbani, urudi na bodaboda au bajaji.

Chupa tupu zibaki mezani hadi bili ije, mzihesabu pamoja na mhudumu, kisha udai risiti. Ukitaka kubeba bia nyumbani, njoo na chupa tupu za aina ileile, la sivyo utaacha amana ya chupa.