Ukipiga 911 huku Minnesota, hilo neno "kisu" liangalie kwanza

Hii naandikia wenzangu wa Minnesota, nyinyi wa Brooklyn Park, Saint Paul, Rochester na kwingine. Walioko majimbo mengine someni tu lakini sheria zenu ziulizieni hukohuko, kila jimbo hapa lina mambo yake.

Ilikuwa 2023, Ijumaa ya kuingia wikendi ya Memorial Day, ambayo Jumatatu yake ni sikukuu. Binamu yangu alikuwa hajalala siku nne, amefunga mapazia yote ati kuna gari linamfuata, anajibizana na watu sisi hatuwaoni. Mimi nilijiona mjuaji, kazini nilishasikia habari ya Travis' Law, sheria ya hapa Minnesota, nikajua siku hizi ukisema ni shida ya akili wanakutumia watu wa kraisis, yaani timu ya afya ya akili, si polisi. Nikapiga 911. Yule dada wa simu akauliza, ana silaha yoyote? Nikasema ana kisu.

Na kweli alikuwa nacho. Alikuwa jikoni anakata sukuma!

Basi hilo ndilo neno lililobaki kwenye kompyuta yao, sukuma haikuandikwa popote. Magari matatu, taa, kelele za lala chini, pingu. Hakuumizwa, namshukuru Mungu, lakini mtu aliyekuwa anaogopa kufuatwa na gari sasa amefuatwa na magari matatu, hebu fikiria.

Sasa sheria yenyewe. Ilipitishwa 2021, na inataka watu wa 911 watume timu ya afya ya akili pale inapofaa na timu ikipatikana. Hapo kwa "inapofaa" ndipo nilipoangukia. Silaha ikitajwa, mara nyingi simu inahamia kwa polisi, hata Minneapolis ambako tangu Desemba 2021 wana watu wao wa kraisis, wawiliwawili, wanaokuja na gari bila bunduki. Na huyo Travis Jordan ambaye sheria ina jina lake, 2018 nyumba yake iliombewa msaada kwa sababu alitaka kujiua, akatoka nje na kisu, polisi wakampiga risasi akafa. Yaani kisu hichohicho. Nilikuja kuyasoma haya baadaye, nikakaa chini.

Sisemi mdanganye. Kama ametishia mtu kwa kisu, au amejishikia shingoni, sema hivyohivyo, wanaokuja wana haki ya kujua. Lakini kama anapika, sema anapika! Anza na "mental health crisis", omba "crisis team" kwa jina hilohilo, halafu ukiulizwa silaha eleza yote, kiko wapi, anakifanyia nini, ametishia au hajatishia, na kama unaweza kukiondoa bila ugomvi kiondoe kabla ya kupiga. Narudia tena, usijibu "ana kisu" ukanyamaza. Mimi nilinyamaza. Kiingereza kikikupotea kwa hofu, sema tu "Swahili" usubiri mkalimani.

Bora zaidi usianze na 911 kama hakuna hatari ya papo hapo. Kaunti zote 87 za Minnesota zina timu ya kraisis, saa 24, namba ya kaunti yako itafute leo uibandike kwenye friji. 988, namba ya taifa ya kraisis ya akili na kujiua, pia ipo tangu Julai 2022, ila namba ya binamu ilikuwa ya Texas, alikoishi kwanza, na wakati ule 988 ilifuata zile namba za mwanzo za simu yako (area code), kwa hiyo jana yake tulipoijaribu tuliongea na watu wa Texas. Mitandao mikubwa ilianza kurekebisha hilo 2024, lakini wewe ukipiga taja mji na kaunti uliko kabla ya lolote.

Hospitalini kuna mtego mdogo. Walisema anawekwa saa 72, nami nikampigia mama yake Kisii nikamwambia, "Mama mdogo, Jumatatu atakuwa nyumbani," naye akatangaza kwa grupu ya familia. Kumbe hizo saa hazihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu! Alitoka Alhamisi. Kufikia hapo kulikuwa na watu wawili kwa grupu wanasema tumemuuza. Mambo mengine ni ya kawaida: mwombe asaini fomu ili uruhusiwe kuambiwa hali yake, na hata kabla hajasaini wewe unaweza kuwaambia wao dawa anazotumia. Bili ikija usilipe kwa woga, omba kwanza fomu ya msamaha wa bili.

Na nyinyi wa nyumbani, tunawapenda, lakini hiyo ya "msipige simu, watamfunga" punguzeni. Naielewa inakotoka, Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipokifuta kile kifungu Januari 2025. Huku si kosa. Wala kumpandisha ndege akaombewe si mpango, mtu ambaye hajalala siku nne humweki kwenye ndege saa kumi na nane.

Wamarekani nao wananichosha. Jirani yetu mlango wa pili aliona yote kupitia kamera yake, miaka miwili tunapungiana mikono, hakuja kuuliza hata kama tumeamkaje. Hawa watu wana namba ya simu ya kila kitu lakini kubisha hodi ndiyo imewashinda, kisha mtu akifa wanatunga sheria nzuri kabisa wanaipa jina lake.

Binamu yuko salama, dawa anameza, amerudi shifti za usiku. Ambulensi ndiyo bado tunailipa kidogokidogo, na sukuma siku hizi ananunua ile iliyokatwa tayari.