Jinsi ya kuomba ruhusa ya kupiga picha maandishi ya Kizimkazi kwa kamera ya mkanda

Neno lililonipotezea wiki tatu ni "filamu". Katika barua niliomba "kupiga picha kwa kamera ya filamu" ndani ya Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, na aliyeisoma akaelewa nataka kutengeneza mchezo wa sinema. Ombi likahamishiwa meza nyengine, nikatakiwa nipeleke hadithi na majina ya waigizaji.

Basi wewe andika hivi: "picha za mnato, kwa kamera ya zamani ya mkanda, bila ya video." Taja aina ya kamera, idadi ya mikanda, siku unayokwenda, na kama picha ni za biashara au za kusomea. Taja na mahali hasa: maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe upande wa mihrabu, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Peleka nakala mbili, na usiondoke mpaka ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Yangu ya kwanza haikugongwa. Ilipopotea sikuwa na cha kuonesha, nikaanza upya.

Jibu likitoka, anza kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, kisha imamu. Ule msikiti unasaliwa mpaka leo, si gofu. Nenda asubuhi, jua likishapanda, uwe na udhu, na miguu ya stendi usiiweke juu ya mikeka.

Flashi usiombe kabisa. Ukiipiga kwa mbele, herufi zote zinalala. Mwanga wa ubavuni ndio unaoipa kila herufi kivuli chake, na hapo utaziona ncha zilizochongwa kama majani, moja moja. Mimi natumia Zenit-E ya marehemu baba, mkanda wa ISO 400. Gurudumu lake la kasi halina sekunde nzima, kwa hiyo naweka B, yaani pazia linabaki wazi muda wote ninaobonyeza, na kuhesabu mwenyewe.

Ukitokea Bara, bandarini omba mikanda ikaguliwe kwa mkono, kwani athari ya miale ya mashine hujilimbikiza kwenye mkanda. Ukiambiwa uiwashe kamera, eleza kwamba haina betri, fyatua wasikie, kisha wafungulie mgongo waone ndani. Ndiyo maana mkanda unatiwa ukishafika Dimbani, si kabla.