Jinsi ya Kudai na Kukagua Hesabu za HOA Yako Ukiwa Texas

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia dada mmoja wa huku Houston. Ada yake ya HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) ilipanda, na kila alipouliza pesa zinakwenda wapi, tovuti ya kampuni inayosimamia mtaa ilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa. Alishatuma barua pepe, akapiga simu, akaambatanisha mpaka picha za bwawa la kuogelea lililofungwa. Hoja zake zilikuwa nzito, lakini hakuna hata moja iliyowabana, kwa sababu sheria ya Texas inataka ombi lipitie mlango mmoja tu.

Sheria yenyewe ni Texas Property Code, kifungu 209.005. Kinaagiza vitabu na kumbukumbu za chama, hesabu za fedha zikiwemo, ziwe wazi kwa mwenye nyumba au kwa mtu aliyemteua kwa maandishi yenye saini: wakala, wakili au mhasibu mwenye leseni ya CPA. Kama unamiliki kondo (fleti ya kumiliki kwenye jengo la pamoja), kifungu hiki si chako. Kondo zina sura yake ya 82.

Hatua ya 1: Pata cheti cha usimamizi

Ingia hoa.texas.gov, tafuta jina la mtaa wako, pakua cheti kipya kuliko vyote; ndicho chenye anwani rasmi ya chama. Basi.

Hatua ya 2: Amua unataka nini

Usiombe "kumbukumbu zote". Kwa hesabu, mimi huomba vitu vitano: leja kuu (daftari la kila pesa iliyoingia na kutoka), taarifa za benki za akaunti zote pamoja na ya akiba, bajeti, mikataba, na mihtasari ya vikao vya bodi. Ripoti ya fedha ya ukurasa mmoja wanayogawa kwenye mkutano wa mwaka waachie wenyewe. Ukurasa ule hauonyeshi nani kalipwa.

Chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kutunza hesabu za fedha na mihtasari kwa miaka 7, na mikataba ya mwaka mmoja au zaidi kwa miaka 4 baada ya kuisha. Kwa hiyo jibu la "hizo za zamani hatunazo" lipime kwanza kwa kipimo hicho.

Yapo ambayo hutapewa: nani hajalipa ada, nani kapigwa faini, namba za simu za majirani, mafaili ya wafanyakazi, na mawasiliano ya siri kati ya chama na wakili wake. Usipoteze nguvu huko.

Hatua ya 3: Andika barua na uitume kwa posta

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Barua lazima iende kwa Certified Mail, huduma ya posta inayokupa uthibitisho kwamba umetuma. Barua pepe haitoshi, fomu ya kwenye tovuti haitoshi, na kumkabidhi mwenyekiti mkononi hakutoshi hata kama mnasali kanisa moja. Sisi tumezoea kumpigia mweka hazina au kuuliza kwenye kundi la WhatsApp. Uliza ukipenda, ila ujue saa ya sheria haijaanza kuhesabu. Posta, angalia usiuziwe Registered Mail, ambayo ni huduma nyingine na ni ghali zaidi. Lipia na ile kadi ya kijani inayorudi kwako na saini ya aliyepokea. Kwa ombi la kwanza sheria haikulazimishi kuwa nayo, lakini siku zinahesabiwa tangu barua ilipopokelewa, na sioni kwa nini mtu abishane kuhusu tarehe wakati kadi ipo.

Anwani ni ile iliyo kwenye cheti cha Hatua ya 1. Ile unayolipia ada mara nyingi ni sanduku la benki tu, na huko wanachotafuta ndani ya bahasha ni cheki.

Ndani ya barua, taja kila kitu kwa jina na kipindi chake. "Nataka kujua matumizi ya bustani" ni swali, na sheria hii haiwalazimishi kujibu maswali. "Leja kuu kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024" ni ombi la kumbukumbu. Kisha chagua wazi: ama unataka kwenda kukagua kwanza, ama unataka watume nakala. Lazima uchague mojawapo, na sentensi hiyo ndiyo watu wanaisahau. Mimi huchagua nakala, na huomba leja ije kama faili la Excel. Hawalazimiki kukupa muundo unaoutaka, lakini wengi hutoa kwa sababu ni rahisi kuliko kuchapisha.

Weka jina, anwani ya nyumba, tarehe na saini. Malalamiko yako kuhusu bwawa yaache nje ya barua hii.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Wana siku 10 za kazi. Wakishindwa, wakuandikie kabla ya muda huo kuisha na wataje tarehe isiyozidi siku nyingine 15 za kazi tangu taarifa hiyo.

Hatua ya 5: Gharama

Wanaweza kukutoza nakala, tena kwa kutanguliza malipo, lakini tu kama wana sera ya gharama iliyosajiliwa kwa karani wa kaunti. Hawana sera, hawatozi. Viwango haviruhusiwi kuzidi vya serikali ya jimbo: senti 10 kwa ukurasa wa kawaida, dola 15 kwa saa ya kazi.

Hatua ya 6: Soma

Panga leja kwa jina la mlipwaji, kisha linganisha na taarifa za benki. Kwa yule dada, kilichomshtua ni mkata nyasi aliyelipwa kiasi kilekile Januari na Julai. Kabla hajapiga kelele tukafungua mkataba: bei ilikuwa ya mwaka, imegawanywa kwa 12. Hapakuwa na wizi. Lakini mkataba wa kampuni ya usimamizi ulikuwa na tozo za pembeni kwa kila barua inayotumwa, na hizo ndizo zilizokuwa zimevimba. Mchango maalumu (unaotozwa juu ya ada ya kawaida) nao ufuatilie kwenye mihtasari, maana bodi haina ruhusa ya kuupitisha nje ya kikao cha wazi.

Hatua ya 7: Wakikunyima

Unafungua shauri kwa Justice of the Peace (hakimu wa mahakama ndogo) wa eneo nyumba ilipo. Kabla ya hapo tuma notisi ya kusudio angalau siku 10 za kazi mbele, safari hii kadi ya kijani au huduma ya kuthibitisha saini ni ya lazima, na orodhesha upya kumbukumbu unazodai. Ukishinda, hakimu anaweza kuamuru utolewe nyaraka, ulipwe gharama za kesi na wakili, na hata ukate fedha hizo kwenye ada zako zijazo. Ukishindwa, chama nacho kinaweza kukudai gharama zake, kwa hiyo kwanza hakikisha Hatua ya 3 yako haina tundu. Na usikate hata senti ya ada kabla ya hukumu: kwa deni la ada, HOA ya Texas inaweza kuiuza nyumba yako.