Leseni ya bangi: mkulima wa kanda ya ziwa apime nini kabla ya kutoa hata shilingi

"Bwana shamba, na sisi lini?" Swali hili nimeulizwa Magu, nimeulizwa Sengerema, na juzi nimeulizwa mwaloni na kijana ambaye hajawahi kushika jembe. Watu wamesikia kwamba Malawi, Zimbabwe na Rwanda zinatoa leseni za kulima bangi ya tiba au ya viwandani (ile ya nyuzi), nao wanajiuliza kwa nini waendelee kuhangaika na pamba. Nawaelewa, na ndiyo maana nataka kulijibu swali hili kwa kirefu.

Kwanza, sheria. Hapa Tanzania hakuna leseni ya biashara ya bangi anayopewa mkulima. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuilima, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka 30. Jambo lolote linalohusu mmea huu liko mikononi mwa mamlaka ya dawa za kulevya, DCEA. Halmashauri haina kibali cha kukupa, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) haina, na mimi sina. Kwa hiyo mtu akifika kijijini na fomu, akadai "ada ya kujisajili mapema" au akakuuzia mbegu "za mradi", huyo ni kishoka. Ukimlipa umeibiwa, ukizipanda hizo mbegu, kesi ni yako peke yako na yeye hutamwona tena. Wala ruhusa ya Rwanda haivuki mpaka pamoja na gunia.

Naandika hata hivyo, kwa sababu sheria za majirani zimebadilika haraka na homa ya zao jipya huwa haisubiri mtu apige hesabu. Tunaikumbuka homa ya mayai ya kware. Waliofaidi ni waliouza vifaranga mwanzoni, na waliobaki na mabanda ni waliochelewa.

Tazama basi yaliyotokea kwingine. Lesotho ilitangulia barani Afrika kutoa leseni za bangi ya tiba, mwaka 2017. Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, Rwanda ikaweka kanuni zake 2021, kwa tiba na kwa kuuza nje tu. Zimbabwe ilipoanza, ada ya leseni ilikuwa dola 50,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100, kabla hujachimba shimo la nguzo ya uzio. Juu yake kuna ulinzi wa saa 24, kamera, ghala lenye kufuli na maabara ya kupima kila mzigo. Mkulima wa ekari mbili hapo hana nafasi, isipokuwa awe ndani ya kikundi chenye mkataba na kampuni iliyobeba leseni.

Hata wenye mitaji waliumia. Canada iliruhusu bangi kwa watu wazima Oktoba 2018, makampuni yakajenga vitalu nyumba vikubwa kuliko soko lao, na mwaka 2021 pekee wazalishaji wenye leseni waliteketeza zaidi ya tani 400 za bangi kavu isiyo na mnunuzi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa karibu zaidi, ambao nautaja kila kikao: artemisia, mmea wa dawa ya malaria. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto, bei ikapanda na wakulima wakaukimbilia. Kufikia 2007 mazao yalikuwa mengi kuliko viwanda vilivyohitaji, bei ikaporomoka, na aliyelima bila mkataba akabaki na majani yake. Zao la dawa lina wanunuzi wachache mno. Wakisema hapana, huwezi kulipeleka gulioni Misungwi.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe, maana hapa ndipo ninapoona watu wanadanganywa zaidi. Wanaambiwa "bangi inaota popote". Kuota inaota. Kufikia kiwango cha dawa ni habari nyingine kabisa.

La kwanza ni mwanga. Mmea huu unaamua kutoa maua kwa kuhesabu urefu wa usiku. Mbegu za bangi ya viwandani zinazotoka Ulaya zimezoea siku ndefu za kiangazi chao, ambapo mmea unakua miezi kadhaa kwanza, kisha usiku unapoanza kurefuka ndipo unachanua. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu linachomoza saa moja kasoro na kuzama karibu saa moja, Januari hadi Desemba. Mche wa Ulaya ukiwekwa hapa unakutana na giza la karibu saa 12 tangu siku ya kwanza, unadhani msimu umekwisha, unachanua ukiwa magotini. Nyuzi za kiwandani hupati na mavuno hupati. Dawa yake ni kuwasha taa za kurefusha siku ndani ya kitalu nyumba, na hapo uwe tayari kwa bili ya umeme. Aina za ukanda wetu zimeuzoea usiku huu, lakini hazina kiwango kinachotabirika cha THC, ile kemikali inayolevya. Na bangi ya viwandani sokoni Marekani, kwa mfano, haitakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya hiyo. Ukizidi, mzigo unaweza kuteketezwa kwa gharama yako.

La pili ni unyevu. Maua yake yameshikana, na hewa ya ziwa asubuhi ni mbichi. Ukungu wa kijivu, ugonjwa wa kuvu (fangasi), unaingia katikati ya ua bila kuonekana nje, na maabara ikiupata, mzigo wote umekataliwa. Upande wa Bukoba, ambako mvua ni karibu mara mbili ya Mwanza mjini, tatizo ni kubwa zaidi.

La tatu linanisumbua kuliko yote, kwa sababu linahusu hata mboga tunazokula. Mmea wa bangi unavuta metali nzito kutoka ardhini. Ulishajaribiwa kusafisha udongo karibu na Chernobyl. Kanda yetu ina wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Shamba lililo chini ya mialo ya kuchenjulia, au linalomwagiliwa na kijito kinachotoka huko, halifai kwa zao lolote la dawa, na kwa kweli halifai kwa mchicha. Pima udongo kwanza, uwe unalima kitu gani.

Ndiyo maana ninaowaona wana kiu ya "zao la leseni" nawaambia waanze na mazao ya dawa na viungo yasiyo na pingu: choya, mchaichai, mlonge, tangawizi. Wanunuzi wa kweli wa mazao haya wanataka yale yale ambayo mwenye leseni ya bangi angedaiwa, ila kwa kiwango unachoweza kukimudu. Wanataka kujua mbegu ilitoka wapi, ulipiga dawa gani na lini, ulikausha juu ya nini. Kukausha kwenye turubai chini, kuku wanapita, hakutakubalika. Tengeneza kichanja cha wavu chini ya kivuli, hewa ipite, na uanue kabla ya umande. Mkataba uandikwe, bei au namna ya kuipanga ionekane, na isemwe wazi nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa.

Kwa walio ufukweni, kuna mambo ambayo nayaona yakipuuzwa kila mwaka. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira. Usilime humo hata kama jirani analima. Pampu ya kuvuta maji kwa ajili ya kilimo cha biashara inahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ofisi yao iko hapa hapa Mwanza. Kwa pamba na mazao mengine ya kawaida, kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru kiko Misungwi. Mbegu unayonunua dukani iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na lebo hiyo usiitupe, ibandike kwenye daftari.

Daftari lenyewe liwe la jalada gumu. Kila kipande cha shamba kipewe ukurasa wake: tarehe ya kupanda, mbegu, mbolea, kiuatilifu na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, mvua ilivyonyesha, kilo zilizotoka, nani kanunua na kwa bei gani. Anza na ukurasa wa msimu huu, hata kama ni mahindi tu.