Riwaya ya fantasia ya pwani: anza na maji na upepo

Waandishi chipukizi wakiniletea kurasa zao za kwanza, juu kabisa huwa kuna ramani. Milima huku, msitu wa giza kule, ngome ya mfalme katikati. Ramani yenyewe huwa nzuri, imepakwa rangi kwa uangalifu, lakini ukimwuliza mwenye nayo watu wa ngome ile wanakula nini mwezi wa Juni, hana jibu. Mimi naandika riwaya za fantasia hapa Tanga, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeitaka kazi hii ni kwamba ramani isubiri. Jua kwanza maji ya ulimwengu wako yanakwendaje na upepo wake unatoka wapi. Ukishajua hayo, njaa, biashara, ndoa, vita na safari vitajipanga, na ramani utaichora jioni moja.

Mapokeo tunayo. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na wajumbe wake wakatumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kisa kizima kinasimama juu ya pande hizo. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba fantasia ni kitu cha wageni.

Saa na kalenda ya ulimwengu wako

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi, na daftari langu la kwanza la riwaya limejaa maneno yake kuliko yangu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi hushika takriban kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na huyarudisha. Katikati ya kusi bahari huchafuka, manahodha hawatoki. Hungoja demani, kusi linapolegea.

Sasa tazama hilo linamfanyia nini mwandishi. Mfanyabiashara akifika na kaskazi, hawezi kuondoka atakapo. Atakaa miezi mjini. Atapanga chumba, atakopa, atakopesha, pengine ataoa. Mkewe anajua tangu siku ya posa kwamba upepo utageuka. Hapo tayari una riwaya, na bado hujaweka jini hata mmoja. Nami nikiweka jini, nampa kazi ndani ya mpango huo huo: katika riwaya yangu ya karibuni, Kipwani, kuna ukoo unaoweza kuita kusi kabla ya wakati wake, na mji mzima unawachukia na kuwategemea kwa pamoja.

Maji nayo yana saa yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Na kwa Tanga na Unguja, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na tena karibu na saa nne usiku. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza wanalijua hilo bila saa ya mkononi. Mimi nilijenga mji unaoitwa Kipwani, mji ulio chini ya bahari, unaochomoza bamvua tu. Kwa kuwa nayajua maji, najua kwamba mhusika wangu Mwanasiti hufika pale gizani saa nne, ana muda mfupi wa kutembea barabara zenye matope, kisha maji yanarudi. Najua pia kwamba baada ya siku chache maji mafu, yasiyopwa sana, yataingia na mji hautachomoza tena mpaka bamvua lijalo. Hakuna mahali nilipohitaji kusema “ghafla mlango ukafunga”. Bahari ndiyo inayofunga mlango, na msomaji wa pwani anaona kabla ya mhusika.

Kama wewe si mtu wa pwani, tafuta saa ya kwenu. Ziwa Victoria lina pepo zake za nchi kavu na za ziwani, Usambara ina ukungu na mvua zake. Nenda kaulize wavuvi na wakulima, uandike wanavyosema.

Kuhusu kalenda, nakupa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mabaharia na wakulima wa mwambao walihesabu mwaka wa Nairuzi wa siku 365 kwa makumi: makumi 36 hufanya siku 360, na siku 5 hubaki. Hadi leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka huo mpya, kila Julai. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mimi nilizichukua zile siku 5 zinazobaki nikauliza: je, kama ni siku zisizo za mtu? Sheria za mfalme haziingii humo, deni halidaiwi, na mtu aliyekufa ndani yake hahesabiwi amekufa. Sura tatu za Kipwani zilitoka kwenye swali hilo. Kumbuka vilevile kwamba siku yetu ya asili huanza jua likitua. Usiku hutangulia mchana wake. Ulimwengu wa fantasia wa Kiswahili ambao siku inaanza usiku wa manane umekwisha kujitenga na wenyewe.

Nguvu za ajabu ziwe na mpaka na malipo

Tangu utotoni tumesimuliwa habari za Fumo Liyongo. Mtu mkubwa, shujaa, mshairi, hakuna silaha inayomwingia isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Nani atakayemfikia kitovuni? Mwanawe tu. Ona jinsi sharti moja dogo linavyozaa kisa chote: maadui hawahitaji jeshi, wanahitaji kumpata mtoto. Ukimpa mhusika wako nguvu, siku hiyo hiyo andika kwenye daftari: haifanyi nini, inamgharimu nini, na nani aliye karibu naye anaweza kuigeuza.

Mimi huandika ukurasa mmoja wa malipo kabla ya sura ya kwanza. Katika Kipwani, anayeita kusi hupoteza jina la mtu wake mmoja. Sura anaikumbuka, sauti anaikumbuka, jina limekwenda, na hata akiambiwa halikai. Upepo ndio unaochagua jina. Wimbo wenyewe niliutunga kwa mizani 8, kama tenzi zetu:

Ewe kusi nakuita
Njoo pasi na kusita
Jina la mtu nafuta
Chukua ulochagua

Tunga nyimbo, dua na viapo vya ulimwengu wako kwa kanuni za kweli za ushairi. Hesabu mizani kwa vidole, linganisha vina. Msomaji wa Kiswahili ana sikio la ushairi tangu madrasa na taarabu, na ubeti uliopinda humtoa kwenye hadithi mara moja. Sarafu za shaba za Kilwa, zile za Ali bin al-Hasan, ziliandikwa maneno ambayo upande mmoja hufanya kina na upande wa pili. Fedha yenye vina! Nilipolijua hilo nilikaa siku nzima nikifikiria mji ambamo sarafu haitumiki mpaka mnunuzi aseme upande mmoja na muuzaji ajibu wa pili.

Vitu, majina na mahali

Nenda ukaone. Magofu ya Tongoni yako kusini mwa mji wa Tanga: makaburi ya nguzo, na mengine yana vishimo ambamo zamani palipachikwa bakuli za kaure. Nilizunguka pale na daftari, nikapima urefu wa ukuta kwa hatua, nikaandika kivuli kinaangukia wapi alasiri. Kaburi lenye bakuli linamfaa msimulizi kuliko mnara wowote utakaoubuni ukiwa kitini.

Alama za utawala nazo tunazo. Mtawala wa pwani alikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe za ndovu au la shaba, lililopigwa kwenye arusi na shughuli za koo za watawala. Kama mfalme wako ana taji na upanga, jiulize kwa nini. Chombo cha safari kiwe mtepe, uliounganishwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga lake la mkeka. Majina yapate mzizi pia: Fumo, Mwinyi, Jumbe, Mwana. Nisingekaa zaidi kwenye majina. Wengi hupoteza miezi huko, na jina zuri halijawahi kuokoa sura mbaya.

Kazi ya kila siku

Nina duka la vifaa vya shule na kurudufu nyaraka, kwa hiyo muda wangu ni baada ya swala ya alfajiri hadi saa mbili kasoro, kabla sijafungua. Naandika kwa kalamu. Umeme ukikatika hainihusu, na mkono ukiwa mzito najua sentensi yenyewe ni nzito. Jioni nachapa nilichoandika asubuhi, na hapo ndipo sentensi mbovu zinapoondoka.

Mazungumzo yasome kwa sauti mbele ya mtu mzima asiyekuogopa. Mimi humsomea shangazi yangu akichambua mchele. Mhusika kijana akimjibu mzee bila shikamoo, au mke mwenza akiitana na mwenzake kama watu wa tamthilia za runinga, shangazi husimamisha ungo na kuuliza, “Huyu kalelewa wapi?” Swali hilo limenifundisha kuandika kuliko semina yoyote. Hata majini wangu sasa wana adabu ya kwao: hawataji jina la mwenyeji kabla hawajapewa maji.

Rasimu ya kwanza imalize bila kurudi nyuma. Ukigundua sura ya pili inahitaji daraja, andika pembeni “weka daraja” na uendelee kama vile daraja lipo. Ukimaliza, ifungie kabatini mwezi mzima, uandike kitu kingine kifupi, kisha uirudie.

Kuhusu kuchapisha, andaa muswada safi wa karatasi na wa kompyuta, uangalie tuzo kabla ya wachapishaji. Tanzania kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu, na ipo ile ya Safal inayopokea kazi za Kiswahili kutoka nchi mbalimbali. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, hasa idadi ya maneno na namna ya kuwasilisha. Usisaini mkataba wa kuchapisha mpaka umeelewa haki za tafsiri na za redio zinabaki kwa nani.

Na wakati unasubiri jibu, anza nyingine. Kipwani iko mikononi mwa wasomaji wa tuzo, nami asubuhi zangu naandika hadithi ya watoto ya mpiga siwa aliyeishiwa pumzi. Nimefika mahali ambapo lazima nijue siwa inashikwaje na mtu mdogo wa mwili, kwa hiyo mwezi ujao nafunga duka nakwenda Makumbusho ya Lamu kuitazama.