Kukagua programu iliyoandikwa na akili unde kabla haijagusa pesa za watu

Mwezi uliopita nilikagua programu ya kukusanya kodi ya ploti ya vyumba 46 huko Pipeline, Embakasi. Aliyeitengeneza ni kijana wa mwenye ploti. Hakusomea kazi hii. Aliielekeza akili unde kwa maneno ya kawaida kwa wikendi mbili na ikatoka programu inayopendeza macho: orodha ya vyumba, kitufe cha Lipa, risiti. Mama yake alitaka wapangaji waanze kuitumia tarehe mosi. Niliomba siku tatu. Nimeandika nilivyofanya kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu mwingine aliye na programu ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Anza na mwenye mali

Kabla ya kufungua faili lolote, muulize mwenye programu anachotaka ijue. Mama alinijibu, "Mwanangu, nataka kujua nani amelipa na nani hajalipa. Mengine ni mapambo." Niliyaandika maneno hayo juu ya karatasi, na kila kasoro niliyoipata baadaye niliipima kwayo. Pata pia ruhusa ya maandishi ya kuijaribu programu kwa nguvu.

Hatua ya 2: Tafuta funguo zilizoachwa wazi

Funguo ni nywila ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine. Endesha Gitleaks, kifaa kinachozitafuta ndani ya msimbo, kwenye historia yote ya Git, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Kisha fungua programu kwenye Chrome, bonyeza F12 kufungua zana za watengenezaji, na utafute neno "secret" katika mafaili yanayoshushwa kwenye kivinjari. Ukitumia Supabase, huduma ya hifadhidata mtandaoni, ufunguo wa `anon`, yaani wa mtumiaji yeyote, unaruhusiwa kuonekana; ule wa `service_role` ukionekana hata mara moja, simamisha kila kitu, maana unapita juu ya sheria zote za hifadhidata. Kufuta faili hakutoshi. Ufunguo uliovuja hubadilishwa.

Hatua ya 3: Kuwa wapangaji wawili

Jisajili kama chumba 12 kwenye kivinjari kimoja na chumba 13 kwenye kingine. Badilisha namba iliyo kwenye anwani ya risiti. Mimi nikiwa chumba 12 niliisoma risiti ya chumba 13, pamoja na namba yake ya simu. Halafu nikaiacha kurasa yenyewe, nikaiuliza hifadhidata moja kwa moja kwa `curl`, amri ya kutuma maombi bila kivinjari, na ule ufunguo wa `anon`: ikanipa wapangaji wote. Jedwali halikuwa limewashiwa Row Level Security, sheria za hifadhidata zinazoamua nani aone mstari upi. Kurasa zilificha majina, hifadhidata haikuficha kitu.

Angalia picha pia. Picha za vitambulisho zilikuwa kwenye hifadhi iliyo wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Mwenye ploti hakujua kwamba mzigo huo ni wake.

Hatua ya 4: Pesa

Tenga siku nzima. Daraja ni mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Usiridhike na mazingira yake ya majaribio, yale ya namba ya biashara 174379. Hayo yanakuonyesha tu kwamba programu inaongea na Safaricom. Tumia namba halisi ya biashara na shilingi zako mwenyewe.

Kijana aliniambia, "Lakini majaribio yote yamepita, kaka." Ni kweli yalikuwa yamepita. Akili unde iliyoandika programu ndiyo iliyoandika majaribio, na ikatengeneza Daraja ya bandia inayotuma jibu moja, sahihi, kwa wakati. Dhana iliyokosea kwenye msimbo ilikosea vilevile kwenye majaribio. Ndiyo maana sikubali akili unde ileile ijikague. Itumie kukueleza faili refu, sawa, ila hukumu itoe mwenyewe.

Nilianza na kiasi. Nilibonyeza Lipa huku F12 ikiwa wazi, nikaona kivinjari kinaituma seva `amount: 7500`. Nikarudia ombi lile na `amount: 1`. Simu ikaniomba PIN ya shilingi moja, nikaiweka. Chumba 12 kikageuka kijani: IMELIPWA. Seva iliamini kiasi kilichotoka kwa mpangaji, na jibu la Daraja lilipofika na `ResultCode` 0, yaani malipo yamefaulu, ikafunga deni bila kulinganisha chochote. Dawa ni seva isome deni kwenye hifadhidata yake, iandike iliomba kiasi gani, kisha ikilinganishe na `Amount` iliyorudi.

Nikaghushi jibu. Unapoanzisha malipo, Daraja hutoa `CheckoutRequestID`, namba ya kuyatambua malipo hayo, na programu hii iliirudisha hadi kwenye kivinjari. Nilianzisha malipo, nikayakatisha kwenye simu (hapo Daraja huleta 1032, yaani mlipaji amekatisha), kisha nikaitumia seva jibu nililoliandika mwenyewe kwa JSON, muundo uleule wa majibu ya Daraja, lenye namba ileile na `ResultCode` 0 kwa `curl`. Kijani tena, bila hata shilingi kutoka. Yeyote anayeijua anwani ya kupokelea majibu anaweza kufanya hivyo.

Wengi hukimbilia kuzuia IP, yaani anwani za mtandao, zisizo za Safaricom. Hapa ndipo nilipoteza usiku mzima mwaka jana kwenye kazi nyingine. Niliweka kizuizi, majibu halisi yakaanza kukataliwa, wateja wamelipa na mfumo unasema hawajalipa. Seva ilikaa nyuma ya proksi, seva ya katikati inayopokea ujumbe na kuupitisha, kwa hiyo kila ujumbe ulionekana umetoka kwa proksi. Nikasoma `X-Forwarded-For`, kichwa cha ujumbe kinachotaja anwani ulikotoka, mambo yakatulia, na saa kumi alfajiri nikagundua kwamba kichwa hicho kinaweza kuandikwa na mtu yeyote ikiwa proksi yako haikisafishi. Kizuizi cha IP kiweke, lakini kama ua wa pili. Ua wa kwanza ni huu: jibu likifika, lichukulie kama fununu, kisha iulize Daraja mwenyewe kwa STK Push Query, ombi la kuuliza hali ya malipo, ukitumia `CheckoutRequestID` uliyoihifadhi. Query haikurudishii kiasi, ndiyo sababu nyingine ya kukiandika ulipoomba.

Tuma jibu lilelile mara mbili. Salio la chumba 12 liliongezeka mara mbili. Akili unde ilipoombwa kurekebisha iliweka `if` inayoangalia kama risiti ipo. Haitoshi, maana majibu mawili yakifika kwa pamoja yote huikuta risiti haipo. Weka `UNIQUE`, sheria inayokataza thamani kujirudia, kwenye safu ya `MpesaReceiptNumber`, hifadhidata yenyewe ikatae.

Mwisho, zima seva mara tu baada ya kuweka PIN. Pesa zinaondoka, deni linabaki, na mpangaji anafungiwa mlango na keateka huku ujumbe wa M-Pesa uko mkononi. Hilo liliniuma kuliko yote. Lazima kuwe na kazi inayojiendesha kila baada ya dakika chache, ikiulizia malipo yote ambayo hayajajibiwa.

Hatua ya 5: Saa

Lipa saa saba na nusu usiku tarehe mosi. Malipo yangu yaliingia mwezi uliopita, kwa sababu kwa seva inayotumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, ilikuwa bado saa nne na nusu usiku wa jana yake. Ripoti zihesabiwe kwa `Africa/Nairobi`.

Hatua ya 6: Pakiti

Soma `package.json`, orodha ya pakiti, yaani misimbo ya watu wengine ambayo programu inatumia, jina kwa jina. Akili unde hubuni majina ya pakiti, na wapo wanaoyasajili majina hayo wakiweka sumu ndani. Usiyoijua, itoe.

Hatua ya 7: Rudia

Baada ya kila rekebisho, rudia jaribio la shilingi moja na la kughushi. Akili unde ilipokuwa ikirekebisha saa za ripoti iligusa faili la malipo, ulinganisho wa kiasi ukapotea kimya. Shilingi moja ikageuza chumba kijani mara ya pili.

Tarehe mosi ilipofika tulianza na vyumba sita vya orofa ya kwanza. Keateka bado anaandika kwenye daftari lake, na kila jioni kijana na mama yake huketi kulinganisha daftari, programu na taarifa ya M-Pesa, mstari kwa mstari.